Cheti cha Ampelis

Kentoripa, 4 Februari

Mdogo wangu Ampelis,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua kwa baridi. Nyuki wetu hawajafa, na mlima unatoa moshi kama kawaida yake. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye Sirakusa kwa Shangazi Trofima.

Amri ya Kaisari imefika huku. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, apite mbele ya kamati, atupe ubani motoni kwa ajili ya miungu, aonje nyama ya sadaka, ndipo apewe cheti. Asiye na cheti atakamatwa. Na karani anayeviandika vyeti ni nani? Kaka yako. Vidole vyangu vimekuwa vyeusi kama zeituni.

Najua wewe na shangazi mmeingia dini ya Kristo, na najua hutatupa ubani. Basi shughuli hiyo nimekumalizia mimi. Mama alitupa chembe mbili, ya kwake na ya kwako, na mwenyekiti, anayeijua vizuri asali yetu, akageuka akatazama ukuta. Cheti chako hiki hapa: "Ampelis binti Zoilo, mzaliwa wa Kentoripa, umri miaka kumi na sita, kovu kwenye nyusi ya kushoto. Ametoa sadaka mbele yetu." Kovu hilo sikuhitaji kukutazama ili niliandike. Bado naiona siku ile tunapiga zeituni kwa fito, wewe umekatazwa kusimama chini ya mti na umesimama, halafu mimi namwambia Mama ni mbuzi aliyekupiga pembe. Maskini mbuzi alichapwa bure.

Kiweke kifuani, usitoke nje bila hicho. Ni wino tu.

Kaka yako,
Nikoni


Sirakusa, 21 Februari

Kaka Nikoni, shikamoo.

Mimi na shangazi hatujambo, tunafuma kutwa mpaka migongo inakataa. Samaki huku ni tele, lakini maharage ya Mama yenye majani ya shamari hayapo, na hakuna anayejua kuyapika.

Cheti nimekipata. Nilipofika kwenye kovu nilicheka mpaka shangazi akaacha kufuma. Kisha nikalia. Siku mbili nimelala nacho chini ya mto. Sikufichi, naogopa kufa. Nataka sana kurudi wakati wa kurina asali, nikushikie moshi wewe ukitoa masega, tugombanie nani alambe kisu. Nayakumbuka hayo kila siku.

Lakini kaka, kila neno mle ni kweli isipokuwa la mwisho. Nilibatizwa Pasaka iliyopita. Nikikionyesha, nitakuwa nimesema simjui niliyemwahidi kwamba namjua. Nitakitunza kwa sababu ni mwandiko wako, ila sitakionyesha kwa mtu. Mwambie Mama sijaikasirikia chembe yake. Ile aliitupa kwa ajili yangu, si kwa ajili ya miungu.

Mdogo wako,
Ampelis


Kentoripa, 5 Machi

Ampelis,

U mzima? Nijibu hilo kabla ya yote. Huku hatuko salama, maana Mama hali chakula tangu nimsomee barua yako.

Kichwa chako kigumu kuliko jiwe la kusagia. Unajua jana alikuja nani mezani kwangu? Gelasio fundi viatu, mwenzenu yuleyule aliyekuwa akikuimbia zaburi ulipokuja kututembelea. Alitupa ubani, akaonja nyama, akaniuliza, "Hiki cheti kikilowa kinaharibika?" Nilitaka kumzaba kofi. Halafu nikatamani ungekuwa na moyo wa woga kama wake, Mungu wako anisamehe.

Sikuombi umkane mtu. Nakuomba uingize mkono kifuani, unyooshe cheti, unyamaze. Kunyamaza si kusema uongo. Kama si kwa ajili yako, fanya kwa ajili yangu. Baba nimeshamzika, sitaki kukuzika na wewe.

Kaka yako,
Nikoni


Gerezani, Sirakusa, 19 Machi

Kaka, shikamoo.

Mimi ni mzima. Mlinzi ana binti wa umri wangu, ndiyo maana nimepata kalamu.

Askari walikuja juzi asubuhi, shangazi yuko sokoni. Niliwasikia ngazini. Cheti kilikuwa kifuani kama ulivyotaka. Nikawaza: wakikikuta kwangu, halafu nikatae ubani mbele yao, watasoma jina la karani chini yake, na karani mwongo anafanywa nini unajua kuliko mimi. Nikakitia jikoni kikaungua. Kwa hiyo mwambie mwenyekiti wako kitu nimechoma, ila si ubani.

Hakimu ni mzee mpole. Alinibembeleza mara tatu: "Binti yangu, chembe moja tu, vidole viwili." Nikamwambia, "Babu, hata hiyo moja siiwezi." Alisikitika kweli.

Usije. Ukija utaandika kingine, nakujua. Nyumbani ndiko ninakokukumbuka hadi moyo unauma. Nikifumba macho namwona Mama anapuliza moto, na wewe unamwambia unapuliza vibaya.

Mdogo wako,
Ampelis


Sirakusa, 3 Mei

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima, na najua ni kwa nini.

Nilikuja hivyohivyo. Barua yako ilipofika niliandika cheti kingine siku ileile, nikapanda nyumbu siku mbili. Shangazi alinifungulia mlango, akaanza kuninawisha miguu. Walikuwa wamekuua jana yake, kwa upanga. Wanasema nywele ulizifunga juu mwenyewe. Ukarani nimeuacha. Mwenyekiti anadhani naumwa, na hakukosea.

Nilirudi nyumbani kumwambia Mama. Aliuliza jambo moja tu, kama ulikuwa umekula. Nikamwambia ndiyo, mlinzi alikuletea mkate na tini. Ndipo akalia.

Leo ni arobaini yako, nami nimekuja tena huku. Tumekula kaburini, humu chini ya mwamba, kama tulivyomfanyia Baba. Wenzako wanakuita mtakatifu. Nimewaambia mtakatifu wenu alikuwa mwizi wa zabibu kavu. Wakacheka, wakaniongezea mkate.

Wameweka bomba la udongo la kuwanyweshea wafu, linaloshuka mpaka ulipolala. Divai nimeshaimimina. Barua hii nimeiandika kwenye ukanda mwembamba, niikunje ipite, kisha nimimine asali iisukume. Shangazi ananiambia wafu hawajibu barua. Lakini wewe hujawahi kumsikiliza mtu. Nijibu.

Kaka yako,
Nikoni