Kipande cha Goti Langu

Parklands, Nairobi

Kwa kaka yangu mpendwa Nashon,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kumhudumia Mama peke yako tangu mkeo apate kazi Kisumu. Vidole vyake vinaendeleaje? Bado anaweza kushika kikombe? Mimi nipo, nasukuma siku. Simu nimeiogopa kwa sababu ungenikatiza kwa maswali, na wewe nakujua.

Unakumbuka nilivyoanguka kwenye ngazi kule Kilimani nikapasuliwa goti. Pale maabara tuna desturi: mmoja wetu akipasuliwa kiungo, anaombwa kipande kidogo cha utando wa ndani, kiwe cha mtu asiye na ugonjwa, tukilinganishe na vya wagonjwa wa baridi yabisi. Tunachopima ni vimeng'enya, vitu vya mwilini vinavyomeng'enya vingine. Kwa mgonjwa vinafanya kazi kupita kiasi na kula gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, polepole. Nilitoa changu bila wasiwasi. Si tumekua tukiambiwa Mama aliharibiwa mikono na maji baridi, kwa kufulia watu nguo Kitisuru miaka yote ile? Ndiyo maana mimi huchemsha maji hata ya kufua leso, mpaka jirani yangu Kaindi hunicheka. Nilijiona nimeukwepa huo ugonjwa.

Matokeo yalipotoka, vimeng'enya vyangu vilikuwa vikali kuliko vya wagonjwa wengi. Gichuru, ninayefanya naye kazi, akanitania kwamba nimechanganya chupa. Nilikasirika, nikarudia kipimo mwenyewe. Kikaja vilevile. Daktari Waceke, mkubwa wetu, hakutania. Alisema kipimo hiki bado ni cha utafiti, hakiwezi kumhukumu mtu, akanituma nikatolewe damu na kupigwa picha za mikono. Nilienda nikiomba nirudi na habari njema. Sikurudi nazo. Akanieleza kwamba maji hayana kosa lolote, na kwamba ugonjwa huu mara nyingine hufuata ukoo. Kaka, nililia mbele yake, na sijui kama nilimlilia Mama au nilijililia mwenyewe.

Dawa nimeanza, lakini wanasema zinachukua muda.

Sasa niseme lile ninalolizunguka. Nilikuahidi kwamba Desemba umlete Mama kwangu, nimwogeshe na kumlisha, nawe upumue. Usimlete. Asubuhi vidole vyangu havikunjiki, na Kaindi ndiye hunifunga vifungo vya nguo kabla hajaenda kazini. Hata barua hii ni yeye anayeiandika, mimi namtajia tu. Najua umechoka, na najua hatuna mtu mwingine wa kumwachia. Lakini Mama usimwambie sababu, maana atasema ni yeye aliyeniambukiza. Mwambie nimekataa kukaa naye. Afadhali anikasirikie.

Wasalimie wanao, Ivyne na Lenox, na Mungu akutie nguvu.

Ni mimi dada yako,
Lornah