Mshale wa Mlango wa Dharura

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fundi Brashi (ndivyo anavyojulikana)
Umri: Miaka 63
Kazi: Mwandishi wa mabango
Makazi: Chumba cha nyuma ya karakana ya binti yake
Yameandikwa: Alhamisi, tarehe 19 Machi, saa tatu na nusu asubuhi

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Binti yangu mnamshikilia tangu jana jioni kwa sababu ya bango la kile kiwanda cha kushona sare kilichoungua. Bango lile nililichora mimi.

Nimeandika mabango kwa mkono miaka thelathini na minane. Siku hizi herufi za brashi hazina mteja, kwa hiyo tangu Januari binti yangu amekuwa akinifundisha kuchora vekta kwenye kompyuta. Vekta ni mchoro wa nukta na mistari; hata ukiukuza ujae ukuta, kingo zake hazivurugiki, na mashine ya kukata stika hufuata mistari hiyo hiyo. Mwanzoni kipanya kilinitoa jasho. Duara langu lilikuwa kama kiazi. Binti yangu alicheka, akasema, "Taratibu, baba. Nukta chache, mkunjo mrefu."

Mnamo Jumatatu tarehe 2 Machi, msimamizi wa kiwanda aliagiza stika mbili za mlango wa dharura: moja ya ukutani, na nyingine ya kubandika nyuma ya kioo cha mlango wenyewe. Ya nyuma ya kioo hukatwa kinyume, ili anayeitazama upande wa pili aisome sawa.

Alhamisi tarehe 5, saa nane mchana, binti yangu alitoka kwenda dukani. Aliniambia, "Usikate chochote mpaka nirudi, tukague pamoja." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwenye kompyuta mkuu alikuwa yeye. Lakini nilitaka akute kazi imekwisha. Nilipogeuza mchoro wa kioo, nikageuza na wa ukutani bila kujua. Nilipoona maneno ya stika ya ukutani yamekaa kinyume, nikayarudisha maneno peke yake. Mshale na picha ya mtu anayekimbia vikabaki vinaelekea kushoto badala ya kulia, uliko mlango. Sikuviona. Nikakata.

Aliporudi aliuliza, "Umekagua, baba?"

Nikamjibu, "Unamuuliza nani?"

Hakuuliza tena.

Ijumaa tarehe 6, saa nne asubuhi, nilikwenda kubandika. Mshonaji mmoja, mama wa makamo, alinishikia ngazi. Akasema, "Mzee, mlango si uko kulia? Mbona huyu mtu anakimbilia stoo ya vitambaa?"

Nilitazama, nikaona. Chini walikuwa wamesimama wenzake watatu, wananisifu kwamba mzee ameweza kompyuta. Nikamjibu, "Alama hizi zina kanuni zake, mama." Nikashuka.

Afande, andika kwamba nilijua. Nilijua siku kumi na mbili. Jumatano tarehe 11, binti yangu akiwa nje, nilikata stika nyingine iliyo sahihi nikaenda nayo mpaka getini. Mlinzi akaniuliza shida yangu. Nikasema napita tu. Niliona haya kumwambia msimamizi, maana angempigia binti yangu simu.

Jana Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi, waya wa pasi ulishika moto karibu na mlango mkubwa. Moshi ukajaa. Wanaolijua jengo walikimbilia kulia. Msichana wa miaka kumi na tisa aliyeanza kazi Jumatatu hakulijua. Alifuata bango. Amekutwa amekufa ndani ya stoo.

Saa tisa alasiri nilifika hospitali. Yule mama aliyenishikia ngazi alikuwa kitandani, mikono imefungwa bandeji. Aliniangalia, akasema, "Mzee, mimi nilikuuliza."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za hospitali. Niliporudi nyumbani, majirani wakaniambia binti yangu amechukuliwa.

Nimesikia hapa kwamba ameandikisha kuwa yeye ndiye aliyechora. Si kweli. Ananisitiri kwa kuwa ni baba yake, akidhani nilikosea tu kama mwanafunzi. Mwacheni aende. Niliyoyasema ndiyo niliyoyafanya, na sikulazimishwa na mtu.

Sahihi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayathibitisha. Nimemwonya kwamba kuanzia sasa anaweza kushtakiwa. Amejibu kuwa anajua. Saa tano kasorobo nilimweleza binti yake kwamba baba amekiri. Aliuliza jambo moja tu: baba aligundua lini. Nilimtajia tarehe 6, siku ya kubandika. Akasema, "Basi nipeni karatasi niandike maelezo yangu upya." Nilimuuliza kama angependa kuonana na baba yake kwanza. Alitikisa kichwa kukataa, akaomba kalamu.