Mikono Nyuma

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, bado unakusumbua ngazini? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku wazima. Mwanao ameota meno mawili ya juu, anauma kila kitu, na mimi nikiwemo.

Uliniuliza kazi ya usafi pale chuoni inaendaje. Kaa chini kwanza, maana mdogo wako amekuwa mwanafunzi wa fizikia. Usicheke.

Iko hivi. Wanaosomea shahada ya pili hupewa kuwafundisha wa mwaka wa kwanza kwenye maabara, lakini kabla ya hapo wao wenyewe hufunzwa kufundisha. Anayewafunza ni mama mmoja mfupi, sauti kama kengele. Wamembandika jina la Mikono Nyuma, kwa kuwa hiyo ndiyo amri yake: ukisimama mezani kwa mwanafunzi, mikono nyuma ya mgongo, usiguse kitu. Anasema wote wana ugonjwa mmoja, wakimwona mtu anahangaika na kifaa wanamnyang'anya.

Walikuwa wakifanya mazoezi wao kwa wao, mmoja akijifanya hajui. Siku moja Mikono Nyuma akachoka na maigizo. Mimi napiga deki pale mlangoni. Akaniuliza nimesoma hadi wapi. Nikamwambia darasa la saba, na hilo lenyewe kwa kusukumwa. Dada, alifurahi kana kwamba nimemwambia nina digrii tatu! Akaniambia weka ndoo pembeni, kaa.

Wa kunifundisha alikuwa kijana mpole, wenzake humwita Bwana Samahani, maana hata akijikwaa kwenye kiti anakiomba radhi. Mtihani wake ulikuwa pendulamu, yaani kipande cha chuma kilichoning'inizwa kwa uzi, kinabembea. Nikielewa, anapewa darasa. Nisipoelewa, hapewi, na asiye na darasa hana nafasi chuoni.

Basi akaanza. Akajaza ubao herufi, akanipa saa ya kupimia, akaninyang'anya, akapima mwenyewe, samahani, samahani. Mwisho akaniuliza kama nimeelewa, jasho linamtiririka. Nikamwonea huruma, nikasema nimeelewa kabisa. Mikono Nyuma akadakia: chuma kizito na chepesi, uzi uleule, kipi kitachelewa kurudi? Nikajibu bila aibu, kizito, si kina mzigo! Mikono Nyuma akatikisa kichwa. Kijana akaambiwa arudi Ijumaa, mara ya mwisho.

Siku zile sikuwa na raha. Nilidhani nimembeba, kumbe nimembwaga. Ijumaa asubuhi nikamvizia kwenye korido, nikamwambia nilimdanganya, na leo nitasema sijaelewa mpaka ajute. Akasema samahani. Nikamwambia samahani zako ziweke mfukoni, mikono weka nyuma.

Safari hii ubao hakuugusa. Akaniuliza nimeona wapi kitu kinabembea hivi. Bembea ya mtoto, nikasema. Akauliza, je, nikipanda mimi na akipanda mwanangu, nani atachelewa? Mimi, si mnaniona nilivyo! Wakacheka, naye akasema haya, pima. Nikapima mizunguko kumi ya kwenda na kurudi. Chepesi, sekunde kumi na nane. Kizito, ishirini. Nikapiga kigelegele, nilisema mimi!

Maskini kijana, uso ukamshuka. Vidole vilisokotana kule mgongoni, lakini havikuja mbele. Akaniuliza tu nilianza kuhesabu wakati gani. Nikarudia mbele yao, nikajikamata mwenyewe: kwa chepesi nilitamka moja nilipokiachia, wakati kwa kizito nilingoja kirudi kwanza. Nilihesabu safari ambayo haijasafiriwa! Nikapima upya. Chepesi, ishirini. Kizito, ishirini. Tena, ishirini. Dada, uzito haumo kabisa, na hakuna aliyeniambia, nimeuona kwa macho yangu!

Mikono Nyuma akaniuliza, na uzi ukifupishwa? Nikamjibu sijui, nipe mkasi. Akafunga daftari lake, akasema kijana ana darasa. Bwana Samahani akalia, akatuomba radhi kwa kulia.

Sasa nikwambie lililonishikisha kalamu. Zile jioni ulizonifundisha nusu na robo kwenye meza ya jikoni, umetoka kazini, macho mekundu, kila ukiniuliza nilisema nimeelewa. Sikuelewa hata siku moja. Nilitaka tu ukalale. Nilipofeli nilikusikia ukimwambia mama kwamba kosa ni lako, hujui kufundisha. Nikanyamaza, na nimenyamaza miaka yote hii. Kosa halikuwa lako, dada. Ungefundishaje mtu anayekudanganya? Nisamehe.

Nimejiandikisha masomo ya watu wazima, naanza Jumatatu nikitoka kazini. Wewe ukija mwezi ujao, lete penseli tuanze na nusu. Jiandae tu, maana sitakuhurumia tena: nitakuuliza mpaka unifukuze.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mmoja mmoja, usiwajumlishe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mama Mtoto