Mkungu wa Chikichi wa Domitila

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Hapa Ilagala tu wazima. Babu yako anakohoa, lakini ubishi wake haujapungua.

Unasema unajifunza kutibu wasiwasi, na binti unayemhudumia ananyofoa nywele zake. Unauliza umkataze? Usimkataze.

Miaka ile ya wakimbizi tulimpokea nyumbani Domitila, msichana kutoka Burundi. Naye alinyofoa nywele mpaka utosi ukabaki mtupu. Kila mtu alimwambia, "Ihangane," yaani avumilie. Basi akavumilia: akajifunga kitambaa, akawa ananyofoa kwa kujificha.

Mama yangu hakumkanya. Alimketisha karibu yake, wakawa wananyofoa chikichi kwenye mkungu. Mkono wa Domitila ukipanda kichwani, mama anamsogezea mkungu tu, vidole vinapata kazi nyingine. Ukipanda tena, anasogeza tena, bila kununa.

Siku moja mkono ulianza kupanda, Domitila akaushusha mwenyewe, akacheka. "Mama, sogeza mkungu!"

Nywele zilikuwa bado hazijaota. Lakini kitambaa alikuwa amekivua, mbele yetu sote.

Huyo wako mtafutie mkungu wake.

Bibi yako, Zuhura