Kengele ama Sufuria

Jumanne, 3 Februari 2026

Mtoto wangu Beverlyne anaota meno. Sijalala. Leo fundi Mwanzia ameshusha injini ya lori ya Baba hapa nyuma ya nyumba, Kitengela. Lori imenizidi umri! Baba ametoa kiti, amekaa kando ya bloku, kile chuma kikubwa chenye silinda. Vingine vyote tubadilishe, anasema, lakini bloku ni hiyo hiyo yake.

Nimekumbuka nikiwa darasa la tatu. Kelele za injini zilikuwa zimeanza kummaliza Baba masikio, basi yeye anagonga chuma na nyundo, mimi nasikiliza. "Kengele ama sufuria?" Ikilia kengele ni nzima, ikilia sufuria imepasuka. Hata majirani walileta bloku zao nisikilize — malipo mandazi.

Alhamisi, 5 Februari

Kajiado, kwa mzee Lemein. Ako na bloku aina ile ile, mbuzi wanailalia. Niligonga pande zote, mtoto mgongoni. Kengele! Atatuwekea mpaka kesho kutwa jioni, kuna mtu wa Mashuuru anaitaka.

Baba hasikii kitu siku hizi, kwa hivyo nilimwandikia kwa simu. Akasoma, akanirudishia. Ile yake ndiyo ilimleta Mama kutoka Kakamega alipomuoa, anasema. Najua, Baba. Lakini ni mimi nitaendesha hiyo lori nikibeba nyasi, na huyu mtoto kando yangu.

Jumamosi, 7 Februari

Kuigonga yetu nilikuwa nakwepa — ukweli usemwe. Asubuhi Mwanzia aliiosha, akapaka mafuta taa, akapanguza, akanyunyizia unga wa chaki. Karibu na silinda ya nne chaki ikalowa mafuta yaliyobaki ndani ya ufa, mstari mwembamba kama unywele. Akanong'ona nimwambie Baba mimi, yeye mzee atamfukuza.

Baba alisema chaki ni ya walimu. Akanipa nyundo, ile ile, mpini umelainika.

Juu, kengele. Ubavuni, kengele. Silinda ya nne...

Nikarudia. Sufuria.

"Kengele ama sufuria, mama?" Macho yake yote usoni kwangu. Mwanzia anaangalia viatu.

Nikaonyesha kwa mkono maziwa yanachemka, nikaingia ndani. Hakuna maziwa. Nimeandika hilo neno kwa simu, sijampelekea. Lemein ameshapiga simu mara mbili.

Namwona kwa dirisha. Ameokota nyundo. Amelaza kiganja kwa bloku asikie mtetemo kwa mkono, anagonga juu. Ubavuni. Sasa amefika silinda ya nne. Amegonga. Kiganja hakitoki. Anagonga tena, pale pale —