Swali la Kisima

Acocks Green, Birmingham
Jumapili, 15 Juni

Dada yangu mpenzi Maisara,

Wiki ya pili sasa nasikia pete ikigonga meza, mara mbili, hata nikiwa naosha vyombo. Kabla sijakueleza ni pete ya nani, pokea salamu zangu. U hali gani? Mguu wa Mama umepungua kuvimba? Na wanao wameshamaliza mitihani? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Kinachouma ni kitu kingine, ndiyo maana nimeandika badala ya kukupigia. Kwa simu ningekatiza maneno nikakuuliza habari za mvua.

Unajua kuwa tangu Septemba najifunza ualimu katika skuli ya msingi ya Kiyahudi. Majirani bado wananiuliza, na mtandio wako huo, unafundisha nini huko? Nawajibu kusoma na hesabu, na kwamba nusu ya watoto wa darasani kwangu ni Waislamu. Anayetusimamia sisi wanagenzi ni Bi Audrey, mama wa Kiyahudi wa miaka sitini na kitu, mpole, asiyesahau neno. Kila Alhamisi, watoto wakishaondoka, hutufundisha vile anavyotaka tuwafundishe wao. Huweka aya ya Taurati katikati ya ubao wa mtandaoni, na kila mmoja kwa kompyuta yake hubandika vikaratasi pembeni: nimeona nini, nadhani nini, najiuliza nini. Kila kikaratasi kina jina la mwenyewe. Tunafanya wawili wawili, kama wazee wao walivyosoma tangu zamani, na sharti ni moja: husemi lako kabla hujalisema la mwenzio, kwa jina lake, mpaka mwenyewe akubali kuwa umelisema sawasawa. Swali likimpendeza sana, Bi Audrey hasemi kitu. Hugonga meza kwa pete yake ya ndoa.

Mwenzangu ni Déborah, msichana wa Kikongo. Hakuwahi kunikosea, na nilimchukia. Anaingia kachelewa, chai mkononi, aya hajaisoma. Anaitazama dakika mbili, anauliza kitu, na pete inagonga. Mimi aya nimeisoma tangu Jumatatu, nimebandika vikaratasi kumi na moja, na Bi Audrey ananiambia nimefanya kazi kwa bidii. Déborah akanibandika jina, Mama Majibu. "Mama Majibu, acha kwanza swali lipumue!" Wote wakicheka, nami nikicheka nao. Wewe unakijua kicheko changu hicho. Nilihesabu, Dada: hadi mwezi wa tano, yeye aligongewa mara saba, mimi hata mara moja.

Kisha tukaambiwa kuwa skuli ina nafasi moja tu ya kazi Septemba, na kwamba Bi Audrey ndiye atakayependekeza mtu. Viza yangu inaisha Agosti. Kwangu kazi ile ilikuwa ni kubaki au kuondoka, na kwa Déborah, aliyekulia hapa, ilikuwa kazi tu. Nikajiambia hivyo mara nyingi.

Somo la mwisho likawa la Hajar jangwani na mwanawe. Nilifurahi kama mtu aliyeletewa mgeni wa kwao. Hajar ni wetu. Tumemjua tangu chuo cha Kurani, tukiigiza mbio zake za Safa na Marwa kati ya mikeka. Alhamisi hiyo kikaratasi kimoja chenye jina langu kilikuwa juu ya ubao. Taurati inasema Mungu alimfumbua macho, akaona kisima. Je, kisima kilikuwapo muda wote aliokuwa akilia? Bi Audrey alikisoma mara mbili, akavua miwani, akagonga. Jumanne nikaambiwa kazi ni yangu. Nikakutumia ujumbe, nawe ukaniambia Mama amegawa halua mtaa mzima.

Dada, swali lile si langu.

Jumatano alasiri, nikiwa kwenye basi pale Kings Heath, nilifungua ubao kwa simu nikalikuta, limebandikwa na Déborah dakika chache kabla, safari hii mapema, si kama kawaida yake. Nilihisi kama mtu baki ameingia chumbani kwetu akafungua sanduku la Mama, akatoa kitu ambacho sisi wenyewe hatukuwahi kukiona. Miaka yote nimemjua Hajar, na sikuwahi kumuuliza neno. Nikalifuta, nikaliandika upya kwa jina langu. Nilimaliza kabla basi halijafika hata kituo cha pili.

Hilo bado si baya zaidi. Siku ya somo ilinibidi niseme kwanza la mwenzangu. Nikasema wiki hii Déborah hakuandika kitu. Akaulizwa kama nimesema sawasawa, akakubali, Dada! Baadaye, kwenye korido, akaniomba radhi kwa kuniachia kazi yote. "Miye pia niliwaza hii swali," akasema. "Nilizani niliandika, kumbe sikuhifazi." Akacheka, akanipongeza.

Ubao ule haupotezi kitu. Ukibonyeza alama ya saa, unaonyesha kilichofutwa, nani kakifuta, na lini. Hakuna aliyebonyeza, kwa kuwa hakuna aliyenishuku.

Ijumaa asubuhi, kabla watoto hawajaingia, nilikaa kati ya Bi Audrey na Déborah, nikaibonyeza alama ile mwenyewe. Bi Audrey akasema atalazimika kukiandikia chuo changu cha ualimu, nami nikasema najua. Déborah alikisoma kikaratasi chake kwenye kioo cha kompyuta. Hakunitukana. Aliniuliza tu, lile swali nililipenda, au sikutaka liwe lake? Nikamwambia kweli: sikutaka liwe lake. Akachukua mkoba wake akaenda darasani, na tangu hapo hajaongea nami. Kinachonitisha ni kuwa, hata pale, niliona wivu kwa namna alivyouliza.

Nisalimie shemeji na watoto, na mwambie shangazi nimepata dawa yake. Barua hii usimpe Mama mpaka ukae naye kwanza, kisha msomee yote, usiruke kitu. Wala msihangaike kunipigia kunishauri nisubiri. Kazi nimeikataa kwa maandishi, nikaeleza sababu na kumtaja kwa jina mwenye swali, na jana nimekata tiketi ya tarehe mbili Agosti, ya kuja tu.

Mdogo wako,
Jokha