Fishi Zinaanguka Zenyewe

Jumatatu, 6 Machi 1972

Mugisho mwingine. Wa nne tangu asubuhi. Mwezi uliopita huyu alikuwa Augustin, na fishi yake, karatasi ngumu ya ugonjwa wake, iko ndani ya sanduku ya A. Sasa majina ya ubatizo yamekatazwa, amekuja na jina ya babu yake, na mimi karani wa dispensari ninatafuta mutu ambaye karatasi haimujui. Nilipekua Augustin wote. Mwishoni akanisaidia yeye mwenyewe: "Mimi ni yule wa kidonda ya muguu, maman."

Papa Direkta, mukubwa wa dispensari, amechoka na foleni mulangoni. Anasema Jumanne ya wiki ijayo fishi zote za zamani zichomwe, tuanze upya na majina mapya. Kuchoma! Magonjwa ya mutaa muzima wa Kadutu iko mule, kwa mwandiko wangu. Niliomba aniachie mupaka siku ile, nitapata njia. Alicheka. "Citoyenne, hata jina yako mupya ninaisahau." Citoyenne, raia, ndivyo tunaitwa sasa badala ya Madame. Nilikuwa Béatrice. Sasa ni Nsimire. Ataikumbuka tu.

Jumatano, 8 Machi

Nimepata! Mimi, si mwingine.

Ninatoboa matundu pembeni ya kila fishi, mustari mumoja. Kila tundu iko na maana yake: mwanamuke, anakaa Ibanda, kwao Idjwi, penisilini inamudhuru. Neno likiwa kweli kwa mugonjwa, ninakata tundu ile kwa makasi mupaka ukingoni. Halafu ninapitisha sindano ya triko, ile ndefu ya kufuma sweta, katika rundo, ninainua, ninatikisa. Zenye kukatwa zinaanguka zenyewe. Jina ya nini?

Murhula, infirmier wetu wa kudunga dawa, mudomo wake haupumziki: "Maman sasa anafuma wagonjwa!" Nikamwambia ajaribu. Mwanaume, kwao Bunyakiri, vidonda vya tumbo. Zikaanguka fishi tatu, na ya muzee aliyemufikiria ilikuwamo. Akaomba sindano ajaribu tena. Murhula kuomba! Nilitembea mabega juu siku nzima.

Ijumaa, 10 Machi

Aibu tupu.

Majirani walileta mama mumoja, homa kali, hasemi tena. Ni nani? "Maman Espérance." Jina yake yeye? Wakatazamana. Baba yake? Hapana. Kwao? Labda Idjwi. Wanachota maji pamoja miaka yote, hakuna anayejua jina yake. Nikatia sindano katika tundu ya Idjwi. Ikaanguka moja, ya kikongwe aliyekufa zamani.

Murhula alikuwa amejaza penisilini ndani ya sirinji. Nikamushika mukono: ngoja. Alingoja kwa sababu ananiogopa, si kwa sababu ananiamini. Nikapekua kwa vidole, sanduku kwa sanduku, jasho linanitoka. Nikamupata kwa J. Joséphine, kwao Luhwindja. Nyuma ya fishi, watoto wake, wa kwanza Espérance. Juu, kwa wino mwekundu, mwandiko wangu: penisilini, hapana, alivimba mupaka shingo. Murhula alimwaga ile dawa, akachukua nyingine. Mama anapumua, Mungu iko.

Papa Direkta alipita: "Kumbe sindano yako imeshindwa? Moto uko mwepesi." Nililia chooni. Fishi zingekuwa zimechomwa, leo tungekuwa na maiti. Na yeye anasema moto! Lakini kosa ni langu pia. Niliuliza mambo ambayo serikali inauliza: kilima ya kwao, baba, komini anamokaa. Nani kwa bomba la maji anauliza hayo? Huku mwanamuke ni mama wa mutoto wake wa kwanza, basi.

Jumapili, 12 Machi

Baada ya misa, kazi. Mustari wa pili wa matundu, chini: herufi ya kwanza ya jina ya mutoto wa kwanza, jina ile ya kuitwa mutaani, si ile mupya ya karatasi. Maana kwa bomba hakuna aliyeacha kusema Maman Espérance, amri au hakuna amri. Watoto wameandikwa nyuma ya fishi. Pale hawako, nilikwenda kwenye foleni ya maji nikauliza. Wamama walinicheka, wakasema yote.

Vidole vimechubuka. Nimemaliza sanduku za wanawake. Hii iko nzuri kuliko ya kwanza, sisemi uwongo.

Jumanne, 14 Machi

Papa Direkta alisimama mbele ya sanduku, mikono nyuma. "Tafuta fishi ya muke wangu." Mutego huo. Nikauliza mutaani wanamwita nani, anakaa wapi, kwao wapi. "Maman Dieudonné, Ibanda, kwao Kabare." Sindano kwa D. Kwa Ibanda. Kwa Kabare. Ikabaki moja. Bibi yake.

Akanyoosha mukono aisome. Nikaibana kifuani. "Fishi ni ya mugonjwa, Papa Direkta. Bwana anauliza bibi yake nyumbani." Mama yangu! Maneno yalitoka kabla sijafikiri. Murhula akaangalia dari. Kunifukuza ni neno moja tu.

Alirudisha mukono. Halafu: "Na yangu, utaificha hivi?"

"Hivi hivi."

Akachukua biki, akafuta mbele yangu ile amri ya kuchoma aliyoiandika katika daftari yake. "Endelea na sanduku za wanaume, Citoyenne Nsimire." Nsimire! Niko na fahari, na sitaomba musamaha kwa mutu.

Alhamisi, 16 Machi

Mvua. Wagonjwa wachache. Nikatengeneza fishi yangu mwenyewe. Mwanamuke. Kadutu. Kwao Walungu. Kufika mustari wa chini, makasi yakasimama. Mimi sikuzaa. Nilitengeneza kitu cha kupata kila mwanamuke wa hapa, na mimi ningelala pale homa inanila, sindano inanipita. Iliniuma. Niache niseme hivyo.

Nikamuuliza Murhula, kama si kitu, mutaani wananiitaje. Akashangaa. "Hujui? Tangu Jumapili foleni nzima inasema Maman Fishi."

Nikakata kwa F. Nikaiweka katikati ya zingine, nikafunga sanduku.